Kisiwa cha Revis: Konabeki Analipwa kwa Kazi Gani Hasa?

Januari 8, 2011, mjini Indianapolis, Reggie Wayne alidaka pasi moja tu usiku kucha, na pasi yenyewe ilimsogeza yadi moja. Yadi ni pungufu kidogo ya mita. Wayne hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Katika msimu uliokuwa umetoka kumalizika alidaka pasi 111 na kujikusanyia yadi 1,355, na aliyekuwa akimrushia mpira ni Peyton Manning, mmoja wa warushaji bora katika historia ya futiboli ya Marekani. Timu yao, Colts, ikafungwa 17–16 na New York Jets na kutolewa kwenye mtoano. Aliyemfanya Wayne aonekane kama hakufika uwanjani alikuwa konabeki wa Jets, yaani beki wa pembeni, kijana wa miaka 25 aitwaye Darrelle Revis.

Sasa zitazame takwimu za Revis za msimu huo wa kawaida wa 2010. Pasi alizowaibia wapinzani, yaani zilizorushwa kwa wenzao akazidaka yeye: sifuri. Hata moja hakuiba. Na bado jopo la shirika la habari la Associated Press, linalochagua kikosi bora cha ligi ya NFL kila mwaka, likamweka kwenye kikosi cha kwanza.

Mtu asiyeujua mchezo huu ataona hapo kuna kitu hakikai sawa. Beki aliyemaliza msimu bila kuiba pasi anakuwaje bora? Na timu inawezaje kumlipa mamilioni? Jibu lake linaeleza kazi ya konabeki, na linaeleza pia kwa nini maisha ya kazi ya Revis yalijaa migomo, mikataba ya ajabu na kelele za kuitwa mlafi.

Kwanza uwanja. Una upana wa yadi 53 na theluthi moja, na urefu wa yadi 100 ukiacha maeneo mawili ya kufungia, moja kila mwisho. Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Mpira husogezwa kwa kukimbia nao au kwa kuurusha. Mrushaji ni kwotabeki, na warushiwa wakuu ni wapokeaji, ambao mara nyingi hujipanga pembezoni, mbali na msongamano wa majitu yanayosukumana katikati. Konabeki ndiye anayesimama mbele ya mpokeaji huko pembeni.

Ugumu wa kazi yake uko hapa: mpokeaji anajua anakokwenda, konabeki hajui. Mpokeaji anaweza kukimbia yadi nane na kukata ndani, au kukata nje, au kusimama ghafla na kugeuka, au kujifanya anasimama halafu akatimka moja kwa moja hadi mwisho wa uwanja. Konabeki anaanza kwa kurudi kinyumenyume, na ndani ya sekunde mbili na nusu au tatu lazima asome, ageuze nyonga, akimbie na awe amefika wakati mpira unafika. Akigeuza nyonga upande usio, amekwisha. Wenzake wakikosea, mara nyingi kuna mtu nyuma wa kufunika aibu. Yeye akikosea ni tachidauni, yaani mpira umefikishwa eneo la kufungia, na mkosaji anaonekana na watu elfu 70 waliopo uwanjani.

Mikono nayo ina sheria zake. Hadi miaka ya 1970 konabeki aliruhusiwa kumpiga kikumbo mpokeaji njia nzima mradi mpira haujarushwa, na hakuna aliyefaidi ruhusa hiyo kama Mel Blount wa Pittsburgh Steelers, jitu lenye mikono mirefu lililowafanya wapokeaji waichukie kazi yao. Mwaka 1978 ligi ikabadilisha sheria: kumgusa mpokeaji ni ndani ya yadi tano za mwanzo tu, baada ya hapo mikono nje. Watu mpaka leo huiita sheria hiyo kwa jina la Blount. Kisha Januari 2004, Ty Law wa New England Patriots akamwibia Manning pasi tatu katika mechi moja ya nusu fainali, huku wapokeaji wa Colts wakilalamika kwamba wanashikwa. Msimu uliofuata waamuzi wakaagizwa waisimamie sheria ile ya 1978 kwa ukali, na Manning akarusha pasi 49 za tachidauni, rekodi kwa wakati huo.

Kosa la kumwingilia mpokeaji mpira ukiwa hewani linaadhibiwa vikali mno katika NFL. Mpira huwekwa pale kosa lilipotokea. Ukimvuta mtu jezi yadi 40 mbele, umewazawadia wapinzani yadi 40 bila mpira kudakwa. Kwa hiyo konabeki wa karne hii anafanya kazi ile ile ya Blount akiwa amenyang'anywa zana.

Ndani ya mazingira hayo ndipo Revis alipoingia ligini mwaka 2007.

Anatoka Aliquippa, mji mdogo wa Pennsylvania kando ya mto Ohio, si mbali na Pittsburgh. Mji huo ulijengwa kuzunguka kiwanda cha chuma cha Jones & Laughlin, na chuma kilipoanguka miaka ya 1980 mji nao ukaanguka, hata leo wakazi wake hawafiki elfu 10. Lakini watoto wake wanacheza futiboli kwa namna isiyoelezeka kirahisi. Ty Law niliyemtaja hapo juu ni wa huko huko. Mike Ditka, mchezaji na kocha maarufu wa zamani, vilevile amekulia huko. Revis mwenyewe alifunga tachidauni tano katika fainali ya shule za sekondari za jimbo mwaka 2003, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na mwaka 2007 Jets wakapanda ngazi kwenye drafti, ambako kila mwaka timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, ili wamchukue akiwa mchezaji wa 14.

Kitu kingine alichotoka nacho Aliquippa ni mjomba wake, Sean Gilbert. Huyu alicheza katika safu ya mbele ya ulinzi ligini humo, na mwaka 1997 alikataa masharti ya timu ya Washington akakaa nyumbani msimu mzima bila mshahara. Mwaka uliofuata Carolina Panthers wakamchukua kwa kuwapa Washington nafasi mbili za raundi ya kwanza ya drafti, na wakampa Gilbert mkataba wa miaka saba wa dola milioni 46.5. Mpwa alikuwa na miaka 12 wakati huo. Ninaamini somo lilimwingia.

Jina la Revis lilikuja kuvuma mwaka 2009, kocha Rex Ryan alipofika Jets. Ryan alipenda kumshambulia kwotabeki kwa watu wengi kuliko kawaida, na tabia hiyo ina gharama: kila mtu unayemtuma mbele kushambulia ni mtu aliyeondoka nyuma kulinda. Timu nyingi humwekea mpokeaji hatari walinzi wawili, konabeki chini na beki mwingine juu yake. Ryan alimwachia Revis peke yake. Mpokeaji bora wa wapinzani alipokwenda kulia, Revis alikwenda kulia. Alipohamia kushoto, alimfuata. Yule beki aliyekombolewa akapewa kazi nyingine, na kwotabeki wa wapinzani akajikuta akihesabu adui mmoja zaidi ya aliowazoea. Hapo ndipo thamani yenyewe ilipo. Konabeki anayeweza kuachwa peke yake anaipa timu yake mtu wa ziada katika kila shambulizi.

Sehemu ile ya uwanja ambako Revis na mpokeaji walibaki wawili tu bila msaada ikapachikwa jina la Kisiwa cha Revis. Waliopelekwa kisiwani mwaka ule walikuwa majina makubwa. Andre Johnson wa Houston: pasi nne, yadi 35. Randy Moss wa Patriots: nne, yadi 24. Terrell Owens akiwa Buffalo: tatu, yadi 13. Steve Smith wa Carolina: moja, yadi 5, na siku hiyo hiyo Revis akaiba pasi na kukimbia nayo yadi 67 hadi tachidauni. Chad Ochocinco wa Cincinnati, mtu wa maneno mengi kuliko wote hao, aliondoka bila pasi hata moja katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida. Kwa jumla Revis aliiba pasi sita mwaka 2009 na kuzigusa au kuziharibu nyingine nyingi, na katika kura za mchezaji bora wa ulinzi akawa wa pili nyuma ya Charles Woodson wa Green Bay.

Alifanyaje? Hakuwa konabeki mwenye mbio kuliko wote. Kimo chake ni karibu sentimita 180 na uzito wa kilo 90 hivi, mwili wa kawaida kwa nafasi hiyo. Alisimama karibu kabisa na mpokeaji, akatumia zile yadi tano za ruhusa kumvurugia hatua ya kwanza kwa mkono mmoja, kisha akambana kuelekea mstari wa pembeni, kidogo kidogo, mpaka nafasi ya kurushia mpira ikabaki nyembamba kama ukingo wa kanga. Macho yake yalikuwa kiunoni mwa mpokeaji. Kichwa hudanganya, mabega hudanganya, miguu hudanganya, lakini kiuno kinakwenda pale mtu anapokwenda. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika kabla ya siku ya mechi, mbele ya video, akijifunza mpokeaji fulani hukata wapi ikiwa jaribio la tatu na zimebaki yadi sita.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayeangalia mechi hizi, za kwanza Jumapili saa mbili au saa tatu usiku, na Super Bowl, fainali ya ligi, usiku wa manane wa kuamkia Jumatatu, ana haki ya kuuliza mbona haya yote hayaoni. Ni kwa sababu kamera ya televisheni inafuata mpira. Mpira ukitolewa tu, wapokeaji na makonabeki wanatoka nje ya picha, na wanarudi kwenye picha endapo mpira utarushwa kwao. Makocha hutumia picha ya juu inayowaonyesha wachezaji wote 22, na ligi ilianza kuiuzia hadhira picha hiyo mwaka 2012 tu. Maana yake ni kwamba shabiki wa kawaida humwona konabeki katika hali mbili: ameiba pasi, au ameaibishwa. Ile kazi ya katikati, yaani kumkaba mtu hadi kwotabeki akaamua kutazama kwingine, haimo kwenye picha wala kwenye karatasi ya takwimu.

Hebu mfikirie mlinzi wa duka aliyelinda mwaka mzima bila mwizi kuingia. Mwenye duka anaanza kujiuliza kama kweli anamhitaji. Hiyo ndiyo shida ya konabeki bora. Nnamdi Asomugha, Mmarekani mwenye wazazi Wanigeria, alionja hilo akiwa Oakland Raiders. Mwaka 2006 aliiba pasi nane. Makwotabeki wakajifunza, wakaacha kumrushia upande wake, na katika misimu minne iliyofuata aliiba tatu tu. Hakuwa ameshuka, watu walikuwa wamekoma kumjaribu. Tofauti na mwenye duka wetu, Raiders walilielewa hilo: mwaka 2009 wakampa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 45.3, fedha ambazo hakuna konabeki aliyewahi kuzisogelea kwa wastani wa mwaka.

Kwa upande mwingine, wingi wa pasi zilizoibwa haumaanishi ulinzi mzuri. Trevon Diggs wa Dallas Cowboys aliiba 11 mwaka 2021, idadi ambayo ligi haikuwa imeiona kwa miaka 40, lakini mwaka huo huo wachambuzi walimhesabia kuwa miongoni mwa makonabeki waliovukwa kwa yadi nyingi zaidi. Mchezaji wa aina hiyo anakisia na kurukia. Akipatia, uwanja unalipuka. Akikosa, mpokeaji ameshakwenda. Mimi ningemchukua Revis wa sifuri kabla ya Diggs wa 11, ingawa najua nusu ya mashabiki wa Dallas wangenifukuza mjini.

Basi tuingie kwenye pesa, maana ndipo Revis alipokuwa fundi kama alivyokuwa uwanjani.

Mikataba ya NFL inadanganya kwa maandishi makubwa. Ukisoma kwamba fulani amesaini miaka sita kwa dola milioni 96, usidhani atalipwa milioni 96. Tofauti na ligi za mpira wa kikapu na besiboli, ambako mkataba ukisainiwa kwa kawaida fedha ni za mchezaji hata akiachwa, katika NFL timu inaweza kumfuta mchezaji na kutolipa miaka iliyobaki, isipokuwa sehemu iliyotajwa kuwa ni ya uhakika. Kwa hiyo kuna namba mbili: ile ya vichwa vya habari na ile ya uhakika. Mchezaji mwenye akili hupigania ya pili, na hupigania mapema, kwa sababu goti linaweza kukatika Jumapili yoyote.

Revis aligoma mara ya kwanza akiwa hajacheza mechi hata moja. Mwaka 2007 alikosa wiki tatu za kambi ya mazoezi akibishania mkataba wake wa kuanzia. Baada ya msimu wa 2009 akagoma tena: mkataba wa zamani ulikuwa bado una miaka, lakini Asomugha alikuwa akilipwa wastani wa milioni 15 kwa mwaka na Revis aliamini, na kura zilimuunga mkono, kwamba Asomugha hamfikii. Kambi ikaanza bila yeye na kuendelea bila yeye. Mapema Septemba 2010, siku chache kabla ya msimu kufunguliwa, wakakubaliana miaka minne, dola milioni 46, na katika hizo milioni 32 za uhakika. Hakumpita Asomugha kwa wastani. Kwenye zile za uhakika, hata hivyo, alikuwa amejikinga barabara.

Na kinga ilihitajika. Septemba 23, 2012, mjini Miami, akiwa hata hajagongwa na mtu, goti lake la kushoto likaachia. Msimu ukaisha hapo. Mmiliki na uongozi mpya wa Jets hawakutaka kumlipa tena bei ya juu akiwa na goti lililofanyiwa upasuaji, na Aprili 2013 wakamuuza kwa Tampa Bay Buccaneers wakipokea nafasi ya 13 ya drafti ya mwaka huo na nyingine ya mwaka uliofuata.

Hapo Revis akafanya jambo ambalo wengi walilicheka. Alisaini Tampa ule mkataba wa miaka sita na milioni 96, wastani wa milioni 16 kwa mwaka, bila senti hata moja ya uhakika. Kwa mtu aliyekuwa amegoma mara mbili kutafuta uhakika, ilionekana kama kichaa. Lakini fikiri kidogo. Goti lilikuwa bado halijathibitishwa, kwa hiyo hakuna ambaye angempa uhakika mkubwa. Akachukua badala yake bei ya juu kabisa kwa mwaka mmoja mmoja: mradi niko kikosini, nilipeni kama bora, mkinichoka, niacheni niende sokoni. Miaka saba ilipita kabla konabeki mwingine hajavuka wastani ule wa milioni 16.

Wakamchoka haraka. Tampa walimaliza 2013 na ushindi wa mechi nne na vipigo 12, kocha akafukuzwa, na kocha mpya hakuona sababu ya kumlipa mtu milioni 16 akae kwenye mfumo wa kulinda eneo badala ya kumkaba mtu. Machi 12, 2014, muda mfupi kabla ya bonasi ya milioni 1.5 kuiva, wakamfuta. Alikuwa ameshalipwa milioni 16 kwa msimu mmoja. Goti lilikuwa limeonekana kuwa zima. Na sasa alikuwa huru.

Siku hiyo hiyo taarifa zikatoka kwamba anakwenda New England Patriots, mahasimu wakubwa wa Jets, kwa milioni 12. Mkataba uliandikwa wa miaka miwili, lakini mwaka wa pili ulipangiwa fedha nyingi mno kiasi kwamba kila mtu alijua hautafika. Mashabiki wa New York wakamwita mamluki. Neno hilo limewahi kunishangaza kila ninapolisikia, maana hakuna anayeita timu mamluki inapomfuta mchezaji saa chache kabla ya bonasi yake.

Bill Belichick, kocha wa Patriots, alimtumia kwa namna ambayo Ryan hakuwa akiipenda sana. Katika baadhi ya mechi alimpa Revis mpokeaji wa pili kwa ubora, peke yake bila msaada wowote, huku yule wa kwanza akiwekewa watu wawili. Hesabu yake ilikuwa rahisi: wa pili amefutika kabisa, wa kwanza amebanwa na wawili, kwotabeki amebakiwa na nini? Timu ikashinda mechi 12 kati ya 16, Revis akarudi kikosi bora cha ligi, na Februari 1, 2015, wakaingia Super Bowl dhidi ya Seattle Seahawks huko Glendale, Arizona.

Mechi hii inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ina makonabeki watatu wa Patriots ndani yake na kila mmoja aliondoka na hadithi tofauti.

Revis alimkaba Doug Baldwin. Baldwin alidaka pasi moja tu usiku mzima, ya yadi tatu, lakini ilikuwa tachidauni. Ukirudia picha utaona ilivyotokea: Baldwin anakata katikati ya uwanja, Revis anamfuata begani, na katikati ya njia amesimama mwamuzi. Baldwin anapita upande mmoja wa mwamuzi, Revis anakwama upande wa pili. Pengo la hatua mbili likapatikana, mpira ukaja. Seattle wakawa mbele 24–14. Ndiyo kazi hii ilivyo: usiku mzima mtu hakupumua, na kitakachoonyeshwa kwenye marudio ni hiyo sekunde moja.

Patriots wakarudi, wakapita 28–24. Zikabaki sekunde 26 hivi, na Seattle wako yadi moja tu kutoka mstari. Wapokeaji wawili wa Seattle walijipanga mmoja mbele ya mwenzake upande wa kulia: Jermaine Kearse mbele, Ricardo Lockette nyuma yake. Mpango ni wa kale. Kearse ampige kikumbo beki wa Lockette ili Lockette akate ndani akiwa huru. Beki wa Lockette alikuwa Malcolm Butler, mgeni wa mwaka wa kwanza ambaye timu zote 32 zilimpita kwenye drafti. Aliyekuwa mbele ya Kearse ni Brandon Browner, konabeki mrefu mwenye mikono mizito. Mpira ulipotolewa, Browner akamkita Kearse kifuani na kumgandisha palepale alipo. Njia ya Butler ikabaki nyeupe. Akaruka mbele ya Lockette, akaiba pasi ya Russell Wilson, na ubingwa ukawa wa New England.

Butler akawa jina la kihistoria na mwaka 2018 Tennessee Titans wakampa mkataba wa milioni 61 kwa miaka mitano. Browner, ambaye bila mkono wake Butler angegonga ukuta, hakuandikiwa chochote kwenye takwimu za shambulizi lile. Revis alikuwa upande mwingine, akimkaba mtu ambaye mpira haukumjia. Alipata pete yake ya ubingwa.

Mwezi mmoja na kidogo baadaye alirudi Jets kwa miaka mitano na milioni 70, kati yake milioni 39 za uhakika. Mmiliki wa Jets alikuwa ametamka hadharani Desemba 2014 kwamba angependa arudi, wakati mchezaji bado ni wa Patriots, na ligi ikaipiga timu hiyo faini ya dola 100,000 kwa kauli hiyo. Faini ndogo kwa kulinganisha na mkataba wenyewe.

Mwaka 2015 aliiba pasi tano. Mwaka 2016 ukawa wa kushuka, na kushuka kwa konabeki hakuna staha. Mechi ya kwanza tu, A.J. Green wa Cincinnati alidaka pasi 12 kwa yadi 180 na tachidauni moja, nyingi akiwa mbele ya Revis. Mrushaji anaweza kuzeeka akasaidiwa na akili. Konabeki akipoteza nusu hatua, amepoteza kila kitu, kwa kuwa makwotabeki wananusa haraka na mpira ambao zamani haukuja sasa unakuja kila mara. Alikuwa na miaka 31. Machi 2017 Jets wakamfuta.

Hata hapo mkataba uliendelea kumfanyia kazi. Milioni sita za mwaka 2017 zilikuwa za uhakika, kwa hiyo Jets walizilipa huku yeye akiwa nyumbani. Hakuwa na haraka ya kutafuta timu. Novemba ndipo Kansas City Chiefs walipomchukua, akacheza mechi chache zisizo na la kukumbukwa, na Julai 2018 akatangaza kustaafu. Miaka 11 ligini ilimwingizia zaidi ya dola milioni 120.

Februari 2023 alichaguliwa kuingia Jumba la Magwiji lililoko Canton, Ohio, katika mwaka wake wa kwanza wa kustahili kupigiwa kura. Pasi alizoiba katika misimu ya kawaida ni 29. Ty Law wa kwao alikuwa nazo 53. Dick Lane, aliyeiba 14 katika msimu mmoja mwaka 1952, rekodi isiyovunjwa hadi leo, alimaliza na 68.

Aliyeingia naye mwaka ule ule ni konabeki mwingine, Ronde Barber. Huyu alicheza misimu 16, yote Tampa Bay, hakuhama wala hakugoma, akaiba pasi 47 na kumwangusha kwotabeki mara 28. Alistaafu baada ya msimu wa 2012, na miezi michache baadaye Revis akatua Tampa na goti lake jipya na mkataba wake usio na uhakika. Barber alianza kustahili kura mwaka 2018 na akasubiri hadi mwaka wa sita ndipo akapita. Agosti 5, 2023, wote wawili walivaa koti la dhahabu jukwaani Canton, na wapiga kura hawakulazimika kumweleza mtu yeyote kwa nini mwenye 47 alisubiri na mwenye 29 hakusubiri.